Matone ya jicho baada ya kutolewa mtoto wa jicho: jinsi ya kuyatia, na siku ya kuyatupa

Baba alipotolewa mtoto wa jicho alirudi nyumbani na vichupa viwili na karatasi ya dozi. Siku ya tatu nilisimama mlangoni nikamtazama anavyojitilia. Tone la kwanza likaangukia shavuni, la pili likagonga kope, na kwa la tatu ncha ya chupa ikagusa jicho lenyewe. Dawa ya wiki nne ilikuwa njiani kuisha ndani ya siku kumi. Tangu siku ile namtilia mimi, na haya ndiyo niliyofundishwa na muuguzi wa kliniki.

Kwanza, jua ulichoshika. Kwa kawaida kuna dawa ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe kwa nguvu, kama prednisoloni au deksamethasoni, na mara nyingine huongezwa ya kutuliza uvimbe isiyo steroidi, kama ketorolaki. Soma jina kila mara, hasa usiku. Wapo waliotia gundi kali jichoni kwa kuwa vichupa vinafanana.

Pili, nawa mikono kwa sabuni, kisha tikisa chupa. Prednisoloni mara nyingi ni nyeupe kama maziwa na dawa yake hutuama chini. Usipotikisa, siku za mwanzo unaweza kuwa unatia dawa hafifu.

Tatu, mgonjwa alale chali, atazame juu. Vuta kope ya chini taratibu mpaka pafanyike kama kijifuko, uangushe tone moja humo. Ncha isiguse kope wala jicho, na usiliminye jicho. Tone moja linatosha. Jicho halina nafasi ya la pili, litamwagika tu.

Nne, na hapa ndipo wengi hukosea: afumbe jicho polepole bila kulikaza, kisha abonyeze kona ya ndani, kando ya pua, kwa dakika moja hadi mbili. Pale pana kitundu kinachopeleka machozi puani. Ndiyo maana baba alikuwa akilalamika uchungu kooni kila akitia dawa. Alipoanza kubonyeza, uchungu ukaisha, na dawa ikabaki inakohitajika.

Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika tano.

Sasa suala la kupunguza. Steroidi hushushwa kwa ngazi. Baba aliandikiwa mara 4 kwa siku wiki ya kwanza, halafu 3, halafu 2, halafu 1. Yako inaweza kuwa tofauti, fuata karatasi yako. Ukiacha ghafla kwa sababu jicho limetulia, uvimbe unaweza kurudi. Ukiendelea kupita muda, presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya, bila maumivu yoyote, huku ikila mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kinachokufa pale hakirudi. Kwa hiyo siku ya kurudi kliniki usiikose hata kama unaona vizuri.

Maswali

*Shikamoo dada. Mama kasahau tone la mchana. Atie mawili jioni?*

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Atie moja akikumbuka. Kama saa ya lingine imekaribia, aruke lile lililopita.

*Mwezi wa Ramadhani je? Ladha naisikia kooni.*

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, dawa ya jicho haibatilishi funga. Ukibonyeza ile kona, hata ladha hupungua. Muulize sheikh wako moyo utulie, ila usiruke dozi bila kumwambia daktari.

*Yangu imebaki nusu chupa. Jirani kachapwa na jani la mahindi, jicho jekundu. Nimpe?*

Tafadhali, usimpe. Jicho lililokwaruzwa na jani linaweza kuingia fangasi, na steroidi huwapa fangasi nafasi ya kuenea. Vivyo hivyo kwa virusi vya malengelenge. Anaweza kupoteza jicho kwa wema wako. Mpeleke kliniki leo. Na hiyo nusu chupa itupe: dawa nyingi za matone zikishafunguliwa hazipaswi kuzidi wiki nne.

*Mzee wangu ana kisukari na pumu, aliwahi kubanwa kifua baada ya kumeza diklofenaki.*

Mwambie daktari kabla hajatia tone lolote lisilo steroidi, kwa kuwa diklofenaki na ketorolaki ni ndugu. Kisukari nacho akitaje, kwa mwenye kisukari kioo cha mbele cha jicho (konea) huweza kuchelewa kupona.

*Dada, leo siku ya nne. Jana mama aliona vizuri, leo anasema ukungu, jicho linauma na limetoa tongotongo. Nimwongezee matone?*

Usiongeze kitu. Inaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho, na hayo huhesabiwa kwa saa. Chukua vichupa vyote na karatasi ya dozi, mpeleke sasa hivi pale alipofanyiwa upasuaji. Kama ni mbali, nenda hospitali yoyote yenye daktari wa macho. Ukifika getini sema: "Amefanyiwa upasuaji wa jicho siku nne zilizopita na sasa haoni vizuri." Usikubali kuambiwa urudi kesho.