Octopath Traveler: anza na mwizi

Nimeanza upya gemu hii ya 2018 baada ya kuchoka kurudi mapangoni kufuata masanduku ya hazina niliyoyaacha. Kati ya wale wahusika wanane, mchague Therion, yule mwizi, wa kwanza. Masanduku ya rangi ya zambarau hafungui mtu mwingine, hata ukimpa mwenzake kazi ya mwizi. Sharti Therion mwenyewe awe kikosini. Na mhusika wa kwanza hatoki kikosini mpaka amalize sura zake zote nne, kwa hiyo huwezi kumsahau baa, mahali unapobadilishia kikosi. Hapohapo unapata mkono mwepesi wa kuwaibia watu mitaani. Seivu kwanza, maana ukishikwa mara kadhaa jina lako linachafuka mjini na itabidi umlipe mwenye baa kulisafisha.

Ubaya wake: nafasi ni nne, moja imeshaliwa, na anayebaki nje hapati pointi za uzoefu. Therion atawaacha wenzake mbali. Kama unapenda kubadilisha kikosi kila saa, hii itakukera. Na kama umeshafika mbali na mwingine, usifute kitu. Mchukue Therion unapoingia mapangoni tu.