Kabla hujasafirisha seli zilizogandishwa kwenda kupigwa eksirei

Afrika haina sinkrotroni, mtambo mkubwa unaozalisha eksirei kali za kupigia picha seli, kwa hiyo sisi wa Moshi tunaomba zamu kwenye mitambo ya ALBA kule Barcelona, BESSY II ya Berlin au Diamond ya Uingereza. Omba miezi mingi kabla. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, cha kutoa sampuli nchini kianze siku hiyohiyo.

Gridi, yaani vijiwavu vidogo vinavyobeba seli, ziwe za dhahabu, maana shaba huua seli. Kausha maji ya ziada kabla ya kugandisha: eksirei laini, zenye nishati ya eV 284 hadi 543, hupenya maji na kunyonywa na kaboni, ndiyo maana seli huonekana bila kutiwa rangi, lakini barafu ikizidi mikromita 10 picha hufifia. Gandisha kwa ethani ya kimiminika iliyo baridi kali, kufumba na kufumbua, ili maji yagande kama kioo bila kuwa fuwele.

Sasa mtungi. Hapa nisikilize vizuri. Mtungi mkavu wa kusafirishia seli hauna naitrojeni ya kimiminika inayocheza ndani. Imefyonzwa na kuta zake, na ukisimama wima unashika baridi siku nyingi. Ukilazwa, baridi inakimbia. Mara ya kwanza niliujaza, nikaufunga, nikaukabidhi uwanja wa ndege wa KIA Ijumaa bila kuupima uzito. Mtu akaulaza stoo ili upate nafasi, na ndege ikasogezwa hadi Jumatatu. Seli zilikuwa chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria, damu ya wagonjwa waliokubali kuchomwa sindano kwa ajili yetu. Barafu ikipanda juu ya nyuzi -135 hivi huanza kuwa fuwele, na kuirudisha kwenye -196, baridi ya naitrojeni, hakuiponyi. Picha ya kwanza ilikuja imejaa miba ya barafu, utando wa vimelea umechanika. Ya pili vilevile. Gridi 12 zote. Zamu yetu ya siku tatu ikaishia hapo, nami nikarudi kuwaeleza wauguzi waliotukusanyia damu ile.

Kwa hiyo: jaza mpaka mtungi ushibe, mwaga kinachobaki, pima uzito, pima tena baada ya saa 24. Ukipungua kuliko kitabu chake kinavyosema, usiutume. Weka kirekodi joto ndani na alama ya kuonyesha umeinamishwa nje. Usitume Ijumaa. Wapandishaji wa ng'ombe wanaochukua mbegu NAIC, kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River, hawaachi mtungi wao bila kuchungulia kiwango cha naitrojeni; waulize, watakufundisha.

Na naitrojeni usiipakie kwenye gari lililofungwa vioo, inafukuza hewa unayovuta. Vaa glavu nene, vaa miwani, usiingie nayo kwenye lifti, watoto wakae mbali.