Dripu ya kalsiamu haitaki haraka

Wafugaji wenzangu wa Njoro na Molo, ng'ombe akizaa leo, kesho ukamkuta amelala, masikio baridi, shingo imejikunja ubavuni, shuku homa ya maziwa, yaani kalsiamu imepungua kwenye damu. Mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mkimsubiri, mkingeni kwa magunia ya nyasi akalie kifua, asilale ubavu tumbo likajaa gesi.

Chupa ya kalsiamu ya mililita 400 ipashwe kwanza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, kisha iingie mshipani kwa dakika 10 hadi 20. Hapa ndipo wengi wanapoteza ng'ombe, na inauma sana. Msuli wa moyo hujikaza kwa kalsiamu. Ikimiminika nyingi kwa ghafla, moyo huvuruga mpigo na unaweza kusimama. Kwa hiyo mmoja asikilize nyuma ya kiwiko cha kushoto muda wote. Mapigo yakishuka taratibu na kupata nguvu, sawa. Yakirukaruka, finya mpira wa dripu mara moja dawa isimame.

Jana nilimshikia daktari chupa, chini kabisa, karibu na usawa wa mgongo wa ng'ombe, ili dawa iingie polepole. Kabla haijaisha ng'ombe alitetemeka misuli, akabeua, akanya. Hizo ni dalili za kupona, nilifurahi kweli.