Damu kwanza, taurini baadaye
Mbwa wako, hasa Golden Retriever, anakula chakula kisicho na nafaka kilichojaa njegere na dengu, na daktari wa mifugo ana wasiwasi na moyo wake? Usikimbilie kopo la taurini, kirutubisho ambacho moyo wa mbwa unakihitaji. Atolewe damu kwanza, maana ukishaanza kumpa, kiwango kinapanda na hutajua tena kama alikuwa amepungukiwa. Omba ipimwe damu nzima, si plazma (majimaji ya damu yasiyo na chembe) peke yake. Chembe za kugandisha damu zimejaa taurini; damu ikiganda kidogo tu kichupani zinaimwaga, plazma ikaonekana nzuri kuliko hali halisi. Kichupa kiwe cha heparini, dawa inayozuia damu isigande, kile cha kifuniko cha kijani. Majibu yakitoka mazuri, ultrasaundi ya moyo bado ifanyike: wapo wanaougua moyo huku taurini yao iko sawa kabisa.