Jinsi ya Kukagua Nyumba Kuukuu Iliyokarabatiwa Kabla ya Kuhamia

Kisumu umekua tangu reli ilipoufikia ufuo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901, na Nakuru, uliopata hadhi ya jiji mwaka 2021, ni zao la reli hiyo hiyo. Kwa hiyo si ajabu katika miji hii kuonyeshwa nyumba ya kupanga yenye umri wa miaka 60 au zaidi, iliyopakwa rangi juzi, ikawekwa dari ya jipsamu na vigae vinavyong'aa. Nyumba kuukuu isiyoguswa huonyesha maradhi yake waziwazi, lakini iliyokarabatiwa huyafunika. Ndiyo maana ukaguzi wa maana huanzia pale ambapo brashi ya mpaka rangi haikufika, yaani juu ya dari, nyuma ya kabati, chini ya sinki na ndani ya sanduku la mita. Nenda mchana ukiwa na tochi, penseli na bisibisi, ikiwezekana siku moja baada ya mvua kubwa, na usikubali kuharakishwa na dalali.

Anza nje kwa kulitazama paa. Mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi, yaliyoota kuvu na kumeguka kingo, huenda yakawa ya asbestosi, madini ya nyuzi ambayo Kenya iliyapiga marufuku mwaka 2006 ingawa bado yanafunika majengo mengi ya zamani. Bamba zima lililotulia mahali pake halina hatari kubwa; hatari huja linapotobolewa, kukatwa au kuvunjwa, kwa kuwa nyuzi zake ndogo mno hupeperuka na kuingia mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwemo, yanaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Kwa hiyo usiishie kumwuliza mwenye nyumba kama paa ni la asbestosi. Muulize pia ni nani aliyelitoboa wakati wa kufunga antena au paneli ya sola, na vipande vilivyovunjika vilitupwa wapi. Vipande hivyo visifagiliwe vikiwa vikavu, na kuliondoa paa lote ni kazi inayofuata kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wala si ya kibarua mwenye nyundo.

Umeme ndio unaostahili muda wako mrefu zaidi. Nyumba ya zamani ilitandikiwa nyaya kwa ajili ya taa chache, pasi na redio, lakini leo inatakiwa kubeba friji, birika la umeme na shawa ya maji moto. Shawa moja ya wati 5,500, kwenye umeme wetu wa volti 240, huvuta takriban ampea 23, mzigo ambao waya wa kawaida wa soketi haukukusudiwa kuubeba. Shawa inahitaji waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye sanduku la swichi, pamoja na sakiti breka yake, yaani swichi inayokata umeme mzigo ukizidi. Omba kifuniko cha dari kifunguliwe, kisha umulike bila kugusa chochote. Ukiona nyaya nyekundu na nyeusi za zamani zimeungwa na za kahawia na bluu za siku hizi, jua kwamba fundi aliongezea tu alichokikuta. Kuongezea si kosa, lakini kiungo kinapaswa kuwa ndani ya kisanduku chake, si kuviringishwa utepe na kuachwa juu ya mbao kavu. Chini, papasa soketi zilizokuwa zikitumika: iliyo moto, yenye doa la kahawia au harufu ya plastiki iliyoungua haihitaji mjadala.

Kuna kipimo kingine ambacho hakigharimu hata shilingi. Zima na uchomoe kila kitu, kisha utazame taa ndogo ya mita ya tokeni. Ikiendelea kumetameta, umeme unakwenda mahali usipopajua. Mimi nilihamia nyumba moja Nakuru bila kufanya hivyo, na nilimaliza miezi miwili nikinunua tokeni za taa ya ulinzi ya jirani. Huenda pia umeme ukawa unavuja ukutani, na hilo ni baya zaidi. Kuzifungua soketi na kuupima waya wa ardhini mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi.

Kuta za Kisumu zina tabia yake. Sehemu nyingi za uwanda wa Kano, ulio kando ya mji huo, zina udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, ukiunyanyua na kuushusha msingi kila mwaka. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta si neno, lakini ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaopokea sarafu, unahitaji mhandisi. Ikiwa ufa umezibwa na kupakwa rangi, kiraka kipya huonekana kwa kumulika tochi ubavuni mwa ukuta. Ukishahamia, chora mstari wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe, na uutazame tena mvua zikigeuka. Wakati huo huo choma miimo ya milango kwa bisibisi, maana mchwa hula mbao kwa ndani na kuacha rangi ikiwa nzima.

Wajenzi wa zamani waliacha matundu ya hewa juu ya madirisha, nao mafundi wa leo huyaziba kwa ajili ya urembo au mbu. Katika baridi ya Nakuru, ambako watu huingiza jiko la makaa chumbani usiku, tundu lililozibwa linaweza kuua, kwa kuwa gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Yafungue na uweke wavu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo jiko la gesi linahitaji tundu lililo karibu na sakafu pia. Viungo vya mpira wake vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Rangi kuukuu inayobanduka huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Isisuguliwe ikiwa kavu watoto wakiwa ndani.

Mwisho jaribu grili za madirisha ya vyumba vya kulala. Lazima angalau moja katika kila chumba ifunguke kwa ndani ili watu watoroke moto ukizuka, na ufunguo wake uning'inie mahali ambapo mkono wa mtoto mkubwa unafika gizani. Zima taa, fumba macho, na uifungue grili mwenyewe. Ikikuchukua zaidi ya dakika moja, mwambie mwenye nyumba abadilishe kufuli kabla hujalipa kodi.