Ukaguzi wa foklifti kila asubuhi: usitazame cheni uma ukiwa sakafuni

Juzi nilimkabidhi kijana mpya foklifti ya dizeli ya tani 3 kwenye godauni letu la Shimanzi, Mombasa. Aliizunguka mara moja, akapiga tairi teke, akasema, "Iko sawa, mzee." Nikamwambia ateremke, tukaanza upya hivi.

1. Mashine ikiwa baridi. Oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya breki, dizeli. Kagua sakafu ilipolala. Doa bichi usilipite mpaka ujue limetoka wapi.

2. Tairi, nati za magurudumu, kisha uma, yaani vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo. Mulika tochi kwenye kona ambapo chuma kimekunjwa. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele. Uma uliolika asilimia 10 ya unene wake umepoteza takriban asilimia 20 ya uwezo wa kubeba, na haufai tena. Pima kwa kalipa, macho hayatoshi.

3. Cheni mbili zinazoinua uma. Hapa niliwahi kupoteza nusu siku. Mzigo ulikuwa ukipanda umelalia kushoto. Tulishuku silinda, tukaifungua, tukabadilisha sili, na bado ukalala. Cheni nilikuwa nimezitazama mara tatu nikaziona nzima, lakini kila mara uma ulikuwa umekaa sakafuni, na hapo cheni zote mbili hulegea, huwezi kujua ipi imevutika.

Kwa hiyo inua uma mtupu kama sentimita 30, vuta hendibreki, zima injini, chomoa ufunguo. Sukuma kila cheni kwa kijiti: mkazo uwe mmoja. Nasema kijiti kwa sababu masti, nguzo ya mbele ambayo uma hupandia, si mahali pa kuingiza kidole, hata mashine ikiwa imezimwa.

Moja ikilegea, mwite fundi apime. Anapima pingili 20 za sehemu isiyopita kwenye kapi, halafu 20 za sehemu inayopita. Ikiwa za kwanza ni milimita 318 na za pili zimefika 327 au zaidi, cheni imevutika kama asilimia 3, imekwisha. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Ukiambiwa itakazwa tu, au itachomelewa, kataa. Chini ya mzigo huo wanapita wapakuzi unaokula nao chakula cha mchana.

Huku pwani chumvi pia hukaza pingili kwa kutu. Utaiona imebaki imekunjika baada ya kutoka kwenye kapi. Paka oili nzito ya injini kwa brashi. Grisi siitaki: hukaa juu, hukusanya vumbi, na pini ndani hubaki kavu.

4. Washa. Mkanda wa kiti, honi, taa, king'ora cha kurudi nyuma, usukani, breki, hendibreki. Pandisha masti hadi juu, ishushe, inamisha mbele na nyuma. Ukishuku mpira wa haidroliki unavuja, pitisha kipande cha katoni. Usipapase kwa mkono: oili yenye presha hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali.

5. Andika. Napendelea daftari kuliko fomu ya kutia vema, maana fomu hujazwa bila mtu kushuka kitini. Kasoro ikiwa ya breki, usukani, uma au cheni, ufunguo mpe msimamizi mkononi, usiuache kwenye mashine. Dereva wa zamu ya usiku ataiwasha.

Leo asubuhi kijana ameandika: "Cheni ya kulia, pingili moja haikunjuki." Ufunguo ninao mfukoni, fundi yuko njiani.