Jinsi ya kuelezea miungu wengi walivyogeuka Mungu mmoja, kijiweni Mwaloni

Usianzie Ugiriki watasinzia, anzia hapa hapa Ziwa Victoria, waambie Waganda wa Buganda walikuwa na Mukasa, mungu wa ziwa hili, makao yake visiwa vya Ssese, na Katonda muumba yupo pia, wala hawagombani. Farao Akhenaten wa Misri mtaje fasta tu, karne ya 14 KK alilazimisha watu waabudu Aten, mungu jua, peke yake, alipokufa wakarudia ya zamani. Sasa toa Biblia, hapa ndo patamu: Kutoka 20 inakataza kuwa na miungu mingine, haijasema haipo! Halafu fungua Isaya 45, wasomi wengi wanasema iliandikwa Wayahudi wakiwa uhamishoni Babeli, karne ya 6 KK, hiyo inakata kabisa, hakuna mwingine. Mzee akibisha mpe asome mwenyewe kwa sauti, usimkatize.